Madonge ya Hadija na Ndoo Yangu ya Maganda

Mmekuja hapa kwangu Nakaloke mara tatu sasa, ninyi wanafunzi wa upishi. Mara zote tatu mmekunywa chai yangu, mmetafuna karanga zangu, kisha mmeuliza swali lile lile: "Mzee, Hadija wa Bugembe anafanyaje madonge yake?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliwaambia mchuzi wangu unaungua, nikaingia ndani, na wala sikuwa nimeinjika kitu. Mara ya tatu yule binti mwenye miwani akaongeza, "Wanasema hata wewe mzee uliwahi kupika." Niliwahi kupika! Miaka ishirini na sita nilikuwa mpishi mkuu wa mesi ya maafisa wa jeshi kule Jinja, na mtoto wa juzi ananiambia niliwahi kupika.

Basi nimeamua kuandika. Kiswahili changu ni cha kambini, nilikipata kwa kufokewa, kwa hiyo mkikuta pamekaa vibaya piteni tu. Nitawaeleza namna ya kutengeneza madonge ya viazi yenye tunda ndani, na nitawaeleza pia habari za huyo Hadija wenu, maana siwezi kutaja moja bila jingine. Jambo moja nitaliacha mpaka mwisho. Katika kazi yenyewe ndilo la kwanza kabisa, lakini mimi nalifikia kwa shida.

Aliyetufundisha sote wawili ni marehemu Afande Wandera, sajini, mfupi, mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Yeye alijifunza ujanani, akiwa mtumishi wa jikoni kwa Sista mmoja wa kizungu upande wa Mbale. Kwao huyo Sista donge la kiazi hutiwa plamu ndani. Hapa plamu hakuziona, akatafuta tunda chachu la kumkumbusha nyumbani, akaangukia matunda damu, haya mekundu ambayo akina mama huyateremsha sokoni kutoka mlimani. Wandera alipoingia kazini alikwenda na madonge yake kichwani, na mesi yetu ikajulikana kwayo. Maafisa waliyaita mabomu, kwa sababu mtu akiuma kwa pupa, tunda la moto lililomo ndani linamlipukia ulimi. Nimemwona mkubwa mmoja mwenye nyota begani akitokwa na machozi mbele ya watu wake, akisingizia pilipili.

Mimi nilianza vibaya. Sisi Wateso kila kitu kwetu kinajua kinu, basi siku ya kwanza nilipoambiwa niponde viazi, nikavitia kinuni nikatwanga kwa nguvu zangu zote. Kiazi hakitwangwi, wanangu. Kikitwangwa kinatoa utelezi, kinavutika. Afande Wandera alichovya kidole, akakivuta juu, uzi mrefu ukafuata.

"Wewe Okiror, hii iko chakula ama iko gundi ya viatu?"

"Chakula, afande."

"Kama iko chakula, kula."

Nilikula sufuria nzima, yeye amesimama. Tangu siku hiyo naponda kiazi kikiwa moto, kwa mgongo wa mwiko, polepole, bila kukisumbua.

Kwa hiyo shikeni hili. Chemsheni viazi na maganda yake, ili visinywe maji. Vikiiva mwageni maji yote, rudisheni sufuria motoni kidogo mvuke utoke, ndipo mmenye huku mkijipuliza vidole. Pondeni vikiwa moto, kisha acheni vipoe kabisa kabla ya kutia unga. Mwenye haraka akitia unga kiazi kingali moto, kinakunywa unga kama mlevi, na kila ukitia kinataka zaidi, mwisho unapika chapati nene. Unga uwe kidogo, yai moja, chumvi ya kubana vidole vitatu. Tunda damu limwagieni maji ya moto, lichubueni, lipikeni na sukari mpaka lishike mwiko. Likiwa jepesi litapasua donge. Msipopata matunda damu, mapera yaliyoiva yanafaa. Ndizi inafaa kwa mvivu.

Mikono iwe na maji kidogo mnapoviringa. Na msitumbukize madonge yote kwa mpigo. Afande Wandera alitufundisha kutuma moja kwanza, akaliita doria. Doria likirudi salama, likielea juu bila kupasuka, ndipo kikosi kizima kinaingia. Maji yawe yanatetemeka tu; yakichemka kwa fujo yatayavunja. Yakielea, yaacheni hapo kwa muda wa kuimba wimbo mmoja mfupi wa kanisani, kisha yatoeni, myagaragaze kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa samli na sukari.

Hayo yote niliyajua vizuri kabla Hadija hajakanyaga jikoni kwetu. Nataka mlielewe hilo.

Alikuja kama mmenyaji wa viazi. Msichana wa Kiislamu kutoka Bugembe, Msoga, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa imara, na jina langu halijamkaa ulimini mpaka leo. Mimi kwake ni Okiloli. Miaka minne alikaa kwenye kile kigoda karibu na bomba, akimenya na kutazama. Mwaka wa nne Afande Wandera akamwambia, "Hadija, kuja. Viringa moja tuone." Akaviringa. Donge likatoka laini pande zote, halina hata ufa mmoja. Hakupima unga. Hakulowesha mikono mara mbili. Mimi ilinichukua miezi tisa kupata donge lisilo na ufa.

Nilimwonea wivu palepale, kabla donge halijaingia majini. Sifichi. Nimesikia wazee wenzangu wakisimulia habari zao, kila mmoja anasema alishangaa, alifurahi, alimpongeza mwenzake. Mimi roho iliniuma kama jino bovu. Na kilichoniuma zaidi ni macho ya Afande Wandera. Alipoonja donge langu alitafuna macho yakiwa wazi, akitazama saa ya ukutani. Alipoonja la Hadija aliyafumba.

Mnajua kuishi na kitu kama hicho? Kila Jumapili nilikuwa natazama macho ya mzee. Nikaanza kumtafutia Hadija makosa. Chenga zake zimeungua. Ndoo ya maganda ameiacha mlangoni. Hiyo ndoo niwaeleze, maana inakuja mbele. Maganda ya jikoni yalipelekwa kwa nguruwe wa kambi, na Hadija, kwa dini yake, hakutaka kuwa na habari na nguruwe. Afande akaamua kwamba Hadija akijaza ndoo aiweke mlangoni, na mimi niipeleke. Hata hilo nililionea wivu. Mwenzangu anamenya ameketi, mimi msaidizi mkuu natembea na uchafu wake kuvuka kambi nzima.

Sasa Afande alikaribia kustaafu. Mwiko wake mkubwa wa mti wa mvule ulikuwa na mpini uliolika kwa kushikwa, na mwenye mwiko ule ndiye angekuwa mpishi mkuu. Mimi nilijua ni wangu. Nilikuwa na miaka ya kazi, nina mke na watoto watatu, nimekula sufuria ya gundi. Asubuhi moja akatuita wote wawili.

"Sikia. Jumapili hii wageni nakuja, wakubwa. Hadija napika mabomu. Jumapili ingine wageni ingine nakuja, Okiror napika. Ile napika vizuri, hii mwiko iko yake. Maneno imekwisha."

Hadija alitazama chini akasema, "Kale, afande," yaani sawa. Mimi nilisema "Ndiyo, afande."

Viazi vya mesi nilikuwa nikivileta mimi, kutoka Mbale, kwa sababu nilikuja nyumbani Nakaloke kila mwisho wa mwezi na lori la kambi lilinipitia. Mwezi ule nilinunua magunia mawili. Moja nilinunua kwa mama mmoja wa mlimani aliyekuwa akinichagulia. Jingine nilinunua kwa mtu nisiyemjua, na nilijua ninanunua nini. Nililiweka lile la kwanza nyuma ya stoo, chini ya magunia ya unga wa posho. Lile la pili nikaliweka mbele, nikamwambia Hadija, "Ya wewe iko hii."

Aliniangalia. Akasema, "Asante, Okiloli." Basi.

Jumapili ile doria lake lilipasuka. Nilikuwa naosha sahani, nikaliona likifunguka majini, maji yakawa mekundu. Akaongeza unga, akatuma jingine, likapasuka. Akaongeza tena. Huko ndani wageni wameshamaliza nyama na wanagonga meza kwa utani, "Mabomu! Mabomu!" Mwisho akatumbukiza yote. Nusu yaligeuka uji. Nusu iliyobaki, iliyojaa unga, ikawa ngumu kama kandambili. Nilipeleka sahani mimi mwenyewe, na nilipotoka sikurudi jikoni. Nilisimama dirishani nje, nikatazama mkubwa mmoja akitafuna, akitafuna, akatoa donge mdomoni akalitazama pande zote kama mtu aliyeokota kitu njiani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Nilikaa pale dirishani mpaka kicheko cha mwisho kikaisha.

Jumapili iliyofuata nilitoa gunia langu nyuma ya stoo nikapika. Wageni walikula wakaomba tena. Nikapewa mwiko. Hadija alirudi kwenye kigoda chake, akamenya mpaka mwisho wa mwezi, akaaga, akaenda zake Bugembe.

Mngedhani wivu uliishia hapo. Nimeshinda, nina mwiko, nina cheo. Sikilizeni sasa. Siku ya kumuaga Afande Wandera nilimpikia madonge sita, mazuri kuliko yote niliyowahi kuviringa. Alisukuma sahani kwa kidole kimoja. "Asante, Okiror. Nimeshiba." Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi, nilikuwa naye siku nzima. Akahamia nyumba ndogo kule Nalufenya, nami nikawa nampelekea bakuli kila sikukuu. Krismasi: nimeshiba. Pasaka: nimeshiba. Alinikaribisha vizuri, aliuliza habari za watoto kwa majina, tulicheka, na bakuli nililirudisha limejaa.

Mwanzoni nilidhani ni tumbo la uzee. Kisha nikasikia kwamba kila Jumapili mzee anapanda taksi kutoka Nalufenya mpaka Bugembe, anashuka kwa Hadija, anakula madonge matatu, wakati mwingine manne, na anafumba macho.

Hadija alikuwa ameanza na jiko moja la mkaa pembeni ya barabara kuu ya Iganga. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wamesema wahenga, na wahenga hawakujua jinsi methali hiyo inavyochoma unapoisikia ukiwa upande mwingine. Magari ya safari ndefu yakaanza kusimama. Akaandika ubao, "Mabomu ya Moto Hapa", polisi wakaja kuuliza, wakala, wakamshauri abadilishe ubao, wakabeba mengine. Niliposikia kisa hicho nilifurahi kwa habari ya polisi nikanuna kwa habari ya kubeba. Akajenga chumba, akajenga cha pili. Akaenda Makka, akarudi Hajati. Na mimi, miaka yote hiyo, nilipopita Bugembe nikienda au nikitoka Jinja, niligeuza uso upande wa pili wa barabara. Sikuwahi kuonja donge lake tangu aondoke. Afande Wandera alifariki, huu mwaka wa tatu, tukamzika kwao, Hadija akapika msibani, na hata pale nilipopitiwa na sinia nilisema nimeshiba.

Ndipo mkaja ninyi na swali lenu. Mlipoondoka mara ya tatu sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nikavaa koti nikaenda Bugembe. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuona anafanyaje ili niwajibu.

Alikuwa uani na mabinti wake wa kazi. Amenenepa, macho ni yale yale.

"Banange, jamani, Okiloli! Leo jua natoka wapi? Karibu, keti."

Nikaketi. Karibu yangu palikuwa na gunia lililofunguliwa. Akasema, "Hii naletwa asubuhi. Angalia kwa mimi kama iko mzuri, wewe iko mzee wa kazi." Akaendelea kuviringa. Mimi bila kufikiri nikachukua kiazi kimoja, na kidole gumba changu kikaenda chenyewe, kikasugua. Nilipoinua macho niliona anakitazama kile kidole. Hakutazama uso wangu, alitazama kidole.

Nilisema, "Hadija, ile viazi ya ile Jumapili."

"Ilikuwa mpya," akasema.

"Wewe nalijua?"

"Okiloli, mimi namenya viazi miaka ine. Nashika moja tu, ganda nakuja na kidole. Mbele ya kuwasha moto, mimi najua."

"Sasa kwa nini wewe napika?"

Akacheka kidogo, akaona haya kama msichana. "Kiburi. Mimi nasema, mkono yangu nashinda viazi. Okiloli nanitega, sasa napika na hii hii viazi yake, wote naona. Kama mimi naambia Afande, Afande natafuta gunia ingine. Mimi nanyamaza. Ile makosa iko yetu wawili."

Wanangu, nilikwenda pale na dhambi niliyoibeba peke yangu karibu miaka thelathini, nimeilea, nimezeeka nayo, na yeye akachukua nusu yake kama mtu anayepokea kikombe cha chai. Hata kwa kosa langu nilimwonea wivu. Nilitaka liwe langu lote.

"Afande hakujua," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka kibaki kitu kimoja changu peke yangu.

Hadija akaacha kuviringa. "Afande nalijua ile siku ile ile. Aliona ndoo."

Ndoo ya maganda. Ganda la kiazi kikuukuu linatoka nene, la kahawia, linakwaruza. La kiazi kichanga ni jembamba, linajikunja kama la kitunguu. Ndoo ilijaa maganda ya aina hiyo, imekaa mlangoni, kwa sababu Hadija hakuweza kuipeleka kwa nguruwe na mimi niliyepaswa kuipeleka nilikuwa dirishani nafurahia kicheko. Afande alitoka kuvuta sigara, akaiona. Akachota maganda kiganjani, akayatazama, akayarudisha. Na aliyekwenda kununua viazi Mbale alimjua.

"Kama nalijua, kwa nini mwiko napa mimi?"

"Wewe uko na watoto. Mimi bado msichana, sina mtoto. Aliniambia hapa hapa, nakaa kwa hii kiti. Mimi namuuliza, 'Afande, mabomu ya Okiloli, kwa nini wewe hapana kula?' Afande nasema, 'Siku yeye nakuja kwa mimi na mdomo yake, naniambia maneno ya viazi, ile siku nitakula yote na bakuli.'"

"Na wewe hapana kuniambia!"

"Alikataza. Alisema, mtu akitumwa, hiyo si kuja."

Nilihesabu Krismasi na Pasaka zote za Nalufenya, bakuli kwenye mapaja yangu, mzee akiuliza habari za watoto kwa majina, kisha akinyamaza kidogo na kunitazama. Nilidhani ananyamaza kwa uzee. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi kila mara niliijaza kwa kumwuliza kama anataka chumvi.

Hadija akaniwekea sahani mbele. Madonge matatu, chenga zinang'aa samli. Maneno ya "nimeshiba" yalinifika kooni. Nikayameza, nikala. Tunda likaniunguza ulimi kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, nikapata kisingizio cha machozi. Yake ni bora kuliko yangu. Unga wake ni kidogo kuliko nilivyowahi kuthubutu, na tunda halilipasui donge kwa sababu hulipika jana yake. Haya, hilo ndilo jibu la swali lenu, na limeniuma kuliandika kama mlivyotegemea.

Sasa lile la kwanza nililoliacha. Mkifika sokoni Mbale, kabla ya bei, kabla ya salamu ndefu, chukueni kiazi kimoja mkisugue kwa kidole gumba. Ganda likibanduka, hicho ni kichanga, kimejaa maji, kirudisheni guniani au kinunueni kwa mchuzi tu. Hakifai kwa madonge hata mkono uwe wa nani. Likikataa kutoka, nunueni. Mimi huwa nasugua viwili au vitatu kutoka chini ya gunia pia, kwa sababu najua watu wanavyopanga magunia.

Na mmoja wenu akiwa na mwalimu anayesema ameshiba, na hajamwona akila, asimpelekee bakuli jingine. Amwulize amekosa nini, au kama tayari anajua amekosa nini, aende akaseme leo, mzee yuko hai na kiti chake kina joto. Mimi ninapika kesho. Viazi nimevisugua vyote, gunia zima, na hakuna wa kumpelekea.